Majibu Mawili Sahihi, Alama Moja: Uhakiki wa Maswali ya Patisipo na Vishazi Rejeshi katika Mitihani ya Kiingereza

Chukua sentensi hii: “The woman ___ beans at the gate is my aunt.” Mtahiniwa anapewa majibu manne: A. sells, B. selling, C. who selling; D. who sells. Anatakiwa kuchagua moja. Nyuma ya karatasi, kwenye orodha ya majibu, imeandikwa B. Aliyechagua D amekosa. Sentensi hii nimeitunga mwenyewe, lakini yeyote aliyepitia karatasi za mazoezi tunazopitishiana kabla ya mtihani atalitambua swali hili kuwa ndugu wa maswali mengi aliyokwisha kuyajibu.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Swali linalomtaka mtahiniwa achague kati ya patisipo na kishazi rejeshi ni la haki pale tu ambapo Kiingereza chenyewe kinakataa mojawapo. Pale ambapo lugha inakubali yote mawili, swali halipimi tena sarufi. Linapima kama mtahiniwa anaijua ladha ya mtunzi. Nitajaribu kuonyesha mpaka huo uko wapi, na nitadai kwamba sisi tunaosoma Kiswahili tuna kipimo kizuri cha kuuona, ingawa kipimo hicho nacho kina mahali kinapoteleza.

Jambo hili si dogo kwetu. Mwaka 2008 serikali ya Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Tangu hapo alama ya Kiingereza imekuwa na uzito hata kwa mtu ambaye ndoto yake ni kufundisha Kiswahili au kupima ardhi. Pale ambapo alama moja inaweza kumtenganisha aliyefaulu na aliyeanguka, tuna haki ya kuuliza alama hiyo imetolewa kwa kujua nini.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Kishazi rejeshi ni kile kinachoifafanua nomino kwa kitenzi kamili, kama “who sells beans”. Kwa patisipo nakusudia maumbo ya kitenzi cha Kiingereza yenye -ing, kama “selling”, pamoja na yale ya kutendwa ambayo mengi huishia -ed na mengine huwa na maumbo yake, kama “written” na “sold”. Tofauti kubwa kati ya pande hizi mbili ni njeo. Kitenzi cha kishazi rejeshi hubeba njeo yake: “who sells”, “who sold”, “who will sell”. Patisipo haibebi njeo. Huazima wakati kutoka kwenye kitenzi kikuu au kwenye muktadha.

Tukirudi kwenye swali letu, A haifai kwa sababu sentensi ingekuwa na vitenzi viwili vyenye njeo, “sells” na “is”, bila kitu cha kuviunganisha. C haifai kwa sababu “who” inadai kitenzi chenye njeo, na “selling” peke yake si kitenzi cha namna hiyo. B inafaa. Lakini D nayo inafaa kabisa. Ikiwa kuna tofauti, ni ya maana: D inaelekea kusema kwamba kuuza maharage ndiyo kazi ya mama huyo, na B inaelekea zaidi kwenye kile anachofanya sasa hivi, ingawa inaweza pia kutaja kazi ya kila siku. Sentensi tuliyopewa haina neno lolote, si “every morning” wala “now”, la kutuonyesha ni ipi inayotakiwa. Mtahiniwa anaulizwa jambo ambalo sentensi imekaa kimya juu yake.

Hebu tuligeuze swali hilo liwe la Kiswahili. Tuseme mhadhiri wetu ameandika: “Mwanafunzi ___ jana anatoka Musanze. A. aliyefika, B. ambaye alifika. Chagua jibu sahihi.” Darasa zima lingecheka. Tungemwambia kwa heshima kwamba yote mawili ni sahihi, kwamba la kwanza limetumia kirejeshi ndani ya kitenzi na la pili limetumia amba-, na kwamba kama anataka kutupima basi atuagize tuunganishe sentensi mbili kwa kutumia o-rejeshi. Hapo tungejua anachokitaka. Katika Kiingereza hatuchekeshwi na swali kama hilo. Tunanyamaza, tunakariri, tunahesabu herufi za majibu ili tujue lipi ni fupi.

Nimetaja ufupi kwa makusudi, kwa sababu ndio utetezi ninaousikia mara nyingi. Inasemwa kwamba maelekezo ya mtihani hudai jibu bora, wala si jibu sahihi tu, na kwamba patisipo ni bora kwa kuwa ni fupi. Nakubali kwamba ufupi ni sifa. Lakini ubora haupimwi kwa rula. Angalia sentensi hii: “I saw the man walking home.” Ni fupi, na ina maana zaidi ya moja. Kiswahili kinatulazimisha tuzitenganishe. Tunaweza kusema “Nilimwona mtu yule akienda nyumbani”, yaani nilishuhudia mwendo wake. Tunaweza kusema “Nilimwona mtu yule aliyekuwa akienda nyumbani”, yaani namtofautisha na watu wengine. Tena tunaweza kusema “Nilimwona mtu yule nikienda nyumbani”, yaani mwenye safari ni mimi, ingawa mwandishi makini wa Kiingereza angeweka mkato au kuipanga sentensi upya kwa maana hiyo. Kama mtunzi alikusudia maana ya pili, basi jibu refu, “who was walking home”, ndilo bora, kwa sababu ndilo pekee lisiloacha shaka. Kanuni ya “chagua fupi” ingemnyima alama mtahiniwa aliyefikiria zaidi.

Kuna utetezi mwingine unaoonekana kuwa wa kisarufi zaidi. Hutolewa hivi: patisipo ni kishazi rejeshi kilichokatwa, ondoa “who” na “is”, kinachobaki ndicho jibu. “The woman who is selling” inakuwa “the woman selling”. Kama mbinu ya kukumbuka, inasaidia. Kama kanuni, haitoshi. Chukua “a box containing ten books”. Hiki ni Kiingereza safi. Lakini kama tungerudisha maneno yaliyokatwa tungepata “a box which is containing ten books”, ambacho si Kiingereza cha kawaida. Kishazi chake halisi ni “which contains”. Ndivyo ilivyo kwa “anyone knowing the answer” na “a family owning land”. Mwanafunzi anayeifuata kanuni ya kukata hadi mwisho ataikataa “containing” inapokuwa sahihi, kwa kuwa alifundishwa vizuri kwamba “is containing” haisemwi. Kanuni imemwadhibu kwa kuwa na bidii.

Sasa mipaka ya kweli iko wapi? Nitataja minne, ile ambayo naona inatosha kwa maswali mengi tunayokutana nayo.

Mpaka wa kwanza ni wa mtenda. Patisipo ya -ing inaweza kuifafanua nomino ikiwa nomino hiyo ndiyo inayotenda. Katika “the book that Keza bought”, kitabu hakikununua, kimenunuliwa. Hatuwezi kusema “the book Keza buying”. Tukitaka patisipo lazima tugeuze kauli: “the book bought by Keza”. Kiswahili kinauonyesha mpaka huu ndani ya kitenzi chenyewe. Katika “kitabu alichonunua Keza”, kiambishi a- ni cha Keza na kirejeshi -cho- ni cha kitabu. Ngeli mbili tofauti zikikaa hivyo katika kitenzi kimoja, ujue nomino inayofafanuliwa si mtenda, na -ing haina nafasi.

Mpaka wa pili ni wa tendo la mara moja lililokwisha. “The boy who broke the window has run away” haiwezi kugeuzwa kuwa “the boy breaking the window has run away”, kwa sababu patisipo hii ingemwonyesha akiwa bado analivunja. Cha kuvutia ni kwamba patisipo ya kutendwa haina kizuizi hicho: “the window broken yesterday has been repaired” ni sahihi, kama ilivyo “the window which was broken yesterday”. Kwa hiyo mtunzi hawezi kusema tu kwamba patisipo haikubali wakati uliopita; lazima aangalie ni patisipo ipi.

Mpaka wa tatu ni wa vitenzi visaidizi kama “can” na “must”, ambavyo havina umbo la -ing. “Anyone who can swim” haina patisipo ya moja kwa moja. Na mpaka wa nne uko upande mwingine, pale ambapo kishazi rejeshi ndicho kinachokataliwa: “___ the letter, she wept.” Hapa “reading” inafaa, lakini “who read” haina nomino ya kuegemea.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili mipaka hii inaweza kufupishwa kwa kuitafsiri sentensi kimoyomoyo na kuangalia njeo. Ikitoka -na- yenye kirejeshi, kama “anayeuza maharage”, basi mara nyingi Kiingereza kinakubali yote mawili, na swali linalotutaka tuchague moja ni la kutiliwa shaka. Ikitoka -li- ya kutenda, kama “aliyevunja dirisha”, chagua kishazi rejeshi. Ikitoka -li- ya kutendwa, kama “lililovunjwa jana”, yote mawili yanawezekana. Ikitoka -ki-, kama “alilia akisoma barua”, chagua patisipo. Sijui darasa la Kiingereza lingelipokeaje pendekezo hili, lakini kwetu sisi ni jambo tulilo nalo tayari: Kiswahili kimegawa katika viambishi tofauti kazi ambazo Kiingereza kimeziweka katika -ing moja.

Hata hivyo kipimo hiki hakikosi kasoro. Tumeshaona kwamba “anayeweza kuogelea” ina -na-, lakini “can” haina -ing. Kasoro iliyo kubwa zaidi ni ya vitenzi vya hali. Mtu aliye wima mlangoni sasa hivi tunamwita “mtu aliyesimama mlangoni”, tukitumia -li-. Mtoto aliye usingizini ni “mtoto aliyelala”, na dada mwenye koti jekundu mwilini ni “dada aliyevaa koti jekundu”. Kwa Kiingereza hao ni “standing”, “sleeping” na “wearing”. Anayefuata -li- kwa upofu ataandika “the man who stood” wakati mtu mwenyewe bado yuko mlangoni. Kinyarwanda kinatuvuta upande huohuo, maana “uhagaze” na “wambaye” navyo ni maumbo ya tendo lililotimia yanayotaja hali ya sasa. Hapa swali la mtihani linaweza kufanya kazi nzuri: “Look at the girl ___ the red coat. She is waving at us. A. wore; B. who wore, C. wearing; D. who wearing.” Jibu ni C peke yake, kwa sababu sentensi ya pili imetuambia kwamba msichana tunamwona sasa. Mtahiniwa akichagua B, mwalimu amejifunza kitu: anajua kosa limetoka wapi na anaweza kulifundisha.

Hilo linanipeleka kwenye majibu ya mtego, yale matatu yanayowekwa kando ya jibu sahihi. Jibu la mtego lililo zuri ni lile linalonasa kosa la kweli. Kwa wenzangu wengi ambao lugha yao ya kwanza ni Kinyarwanda, A katika swali langu la kwanza, “sells”, ni mtego wa maana. Katika Kinyarwanda kishazi rejeshi hakihitaji neno kama “who”. “Umugore agurisha ibishyimbo” ni sentensi kamili. “Umugore ugurisha ibishyimbo” ni mama anayeuza maharage. Tofauti ni irabu moja mwanzoni mwa kitenzi. Katika wingi hata irabu hiyo haibadiliki: “abagore bagurisha ibishyimbo” inaweza kusomwa kwa namna zote mbili, na kinachozitenganisha ni toni, ambayo hatuiandiki katika maandishi ya kawaida. Si ajabu basi mtu akiandika “The women sell beans at the gate are my aunts.” Swali lenye “sell”, “selling”, “are selling” na “who selling” lingelipima kosa hilo barabara, tena lingekuwa na jibu moja tu. Kilichoharibu swali langu la kwanza ni kuliweka “who sells” kati ya makosa. Mtunzi alihitaji jibu la nne, akachukua lililo sahihi na kulipa jina la kosa.

Inafaa pia kukumbuka kwamba muundo huu wa swali si sheria iliyoteremshwa. Mtihani wa TOEFL, ulioanza kutolewa mwaka 1964, kwa miaka mingi ulikuwa na sehemu ya miundo ya sentensi. Katika toleo lake la karatasi sehemu hiyo ilikuwa na maswali 40 ya kujibiwa kwa dakika 25. Toleo la intaneti lililoanza mwaka 2005 liliiacha sehemu hiyo. IELTS nao hauna karatasi ya sarufi peke yake. Katika mitihani yote miwili sarufi huonekana katika kile ambacho mtahiniwa anakiandika na kukisema. Sidai kwamba kila kinachofanywa ng’ambo lazima tukiige. Nasema tu kwamba anayelitetea swali la namna hii kwa kusema “ndivyo Kiingereza kinavyopimwa” hana msingi wa kutosha.

Madhara ya maswali haya hayaishii kwenye somo la Kiingereza. Yanafika hadi kwenye Kiswahili chetu. Mazoezi mengi ya “who” na “which” yametuzoesha kutafuta neno linalosimama peke yake, na neno hilo katika Kiswahili ni amba-. Ndiyo maana katika insha zetu unasoma “mwalimu ambaye anafundisha”, “kitabu ambacho kilinunuliwa”, “siku ambayo nilifika”, mstari baada ya mstari, hadi msomaji anachoka. Si makosa. Amba- ina kazi yake, tena pale penye -me- au hu- haina mbadala ndani ya kitenzi, kwa kuwa kirejeshi cha kati hukaa na -na-, -li- na -taka-, pamoja na ukanushi wa -si-. Lakini “anayefundisha”, “kilichonunuliwa” na “nilipofika” ni maumbo yanayosubiri kutumiwa. Kiswahili kiliongezwa katika lugha rasmi za Rwanda mwaka 2017. Ingekuwa hasara tukiandika kwa mifupa ya maswali ya Kiingereza.

Najua ugumu wa upande wa pili. Walimu wana madarasa makubwa, na maswali ya kuchagua jibu husahihishwa haraka. Siombi yafutwe. Naomba mambo matatu ambayo hayaongezi kazi kubwa. La kwanza, mtunzi ajaribu kulitetea kila jibu la mtego kana kwamba yeye ndiye mtahiniwa. Akishindwa kusema kwa nini ni kosa, aliondoe. La pili, kama anataka patisipo, aseme wazi: “Andika upya sentensi hii bila kutumia who.” Hapo “the woman who sells beans” na “the woman selling beans” zinakuwa sentensi mbili za mwanafunzi mmoja anayejua njia zote mbili. La tatu, kama tofauti ya maana ndiyo inayopimwa, sentensi ipewe muktadha, hata maneno mawili tu. “The woman who sells beans here every Friday is ill today” inatosha kuonyesha kwa nini ile inayotaja kinachotendwa sasa haitakaa vizuri hapo, maana mgonjwa huyo leo hayupo sokoni.

Kwa wanafunzi wenzangu nina ombi moja. Orodha ya majibu inapokuambia umekosa, usikimbilie kukariri. Uliza ni kanuni ipi iliyovunjwa. Kama mwalimu ataitaja, umejifunza. Kama jibu litakuwa “ndivyo ilivyo”, kaeni pamoja muiangalie sentensi, muitafsiri, muangalie njeo, muone kama lugha yenyewe inakataa au ni karatasi tu inayokataa. Mwanafunzi anayejua kwamba nomino moja inaweza kufafanuliwa kwa njia mbili, na anajua ni lini njia moja hufungwa, anaijua sarufi. Mtihani ulio wa haki ungempa alama yake.